Ute wa goti haujakauka

Swali: Daktari, nina miaka 52. Goti la kulia linaalika kila nikiinuka, na linauma nikishuka ngazi. Niliambiwa ute umekauka na mifupa inasagana, nikauziwa unga wa kolajeni na kalsiamu ili gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) liote upya. Nimeutumia miezi minne na maumivu yako palepale. Niongeze kipimo?

Jibu: Usiongeze, dada. Na ute wako haujakauka. Maneno hayo nayasikia karibu kila siku ya kliniki, kana kwamba goti ni injini ya kuongezewa oili. Ute hutengenezwa muda wote na utando wa ndani ya kiungo, na goti zima lenye afya lina mililita chache tu, hazijazi hata kijiko cha chai. Goti lililovimba mara nyingi limezidiwa na ute, ndiyo maana kuna wakati tunaunyonya kwa sindano.

Kinacholika ni gegedu. Mfupa una damu tele, kwa hiyo ukivunjika seli za ujenzi hufika na wiki kadhaa baadaye umeunga. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake chache zimejifungia kila moja kijumbani mwake, zikitegemea ute huohuo kwa chakula: ukikanyaga, gegedu linakamuliwa kama sifongo, ukiinua mguu, linafyonza upya. Kutembea ndiko kulilisha. Anayelala miezi mitatu eti "anapumzisha goti" analinyima chakula.

Halina neva pia. Maumivu yako yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando na kwenye misuli iliyochoka, na hayo yanatulizika hata gegedu lisipoota. Imarisha misuli ya paja, punguza uzito kama umezidi. Kualika kusikoambatana na uvimbe wala goti kukwama kusikutishe.

Kolajeni ukiimeza, tumbo linaisaga kama protini nyingine yoyote. Haiendi gotini kwa sababu tu kopo limechorwa goti. Kalsiamu nayo ni saruji ya mfupa. Gegedu sehemu yake kubwa ni maji.

Unga wako walau haukufanya kitu. Ninaouogopa ni ule usio na lebo, unaoondoa maumivu kwa siku mbili. Mara kadhaa dawa za namna hiyo zikipimwa hukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe inayofanana na homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo hutengeneza. Ni kweli mtu anatembea, anasimulia na majirani, huku sukari ikipanda na mifupa ikipungua uimara kimyakimya, hadi siku anajikwaa kidogo nyonga inavunjika. Aliyeutumia muda mrefu asiuache ghafla, kwa kuwa tezi zake huenda zimekwisha kuzoea kutotengeneza homoni hiyo zenyewe. Aende hospitali, na kopo alibebe.