Maswali ya Jeografia: Ramani Iliyokuzwa, Mji Usio na Mto na Jua la Saa Sita

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa sekondari wa Goma, mashariki mwa Kongo, na wazazi wao, na moja imetoka Bukavu. Ninaanza na zile za ramani, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza alama ilhali wamefanya kazi yao kwa bidii.

Tulipewa ramani iliyoandikwa 1:50,000. Nilipima kwa rula kutoka sokoni hadi kanisani nikapata sentimita 6, yaani kilomita 3. Rafiki yangu ana karatasi kubwa zaidi ya ramani ileile, naye akapata sentimita 8.5, yaani zaidi ya kilomita 4. Nani amekosea? (Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Katindo)

Mwanangu, hakuna kati yenu aliyepima vibaya. Karatasi ya rafiki yako imekuzwa kwenye mashine ya fotokopi kutoka ukubwa wa A4 hadi A3, na kila urefu uliomo umezidishwa kwa 1.41, ndiyo maana sentimita 6 zako zimekuwa 8.5 kwake. Mashine hukuza herufi za 1:50,000 pamoja na vitu vingine vyote, lakini haiwezi kusahihisha namba yenyewe, kwa hiyo namba hiyo imebaki pale ilhali haisemi kweli tena. Skeli halisi ya karatasi yake, yaani uwiano wa urefu wa ramani na urefu wa ardhini, ni takriban 1:35,000, na akiitumia hiyo atapata kilomita 3 kama wewe.

Tazameni sasa chini ya ramani, penye ule mstari uliogawanywa kwa kilomita. Mstari huo hukua na kupungua pamoja na ramani, kwa hiyo hauharibiwi na fotokopi. Kwenye karatasi yako kilomita moja ya mstari ina sentimita 2. Kwenye karatasi ya rafiki yako ina sentimita 2.8. Mwanafunzi mwenye busara huweka rula juu ya mstari huo kwanza, kabla ya kuamini namba yoyote iliyoandikwa. Kwa barabara yenye kona, tumieni uzi: ulazeni juu ya barabara hatua kwa hatua, kisha unyosheni kwenye mstari wa kilomita. Na mkiulizwa eneo la shamba, kumbukeni kwamba karatasi iliyokuzwa hivyo huongeza eneo mara mbili, si mara 1.41.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu zamani nilimkata alama mwanafunzi aliyetumia mstari huo, kwa vile jibu lake halikulingana na hesabu niliyoifanya kwa namba iliyoandikwa. Nilipotambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, alikuwa amekwisha kumaliza shule. Walimu wenzangu, tafadhali, andikeni skeli mpya kwa mkono kabla ya kugawa nakala.

Binti yangu anakesha akikokotoa mteremko kwa mistari ya kontua. Mimi nilikimbia volkano mwaka 2002, nikakimbia tena 2021. Hesabu hizi zina faida gani kwa watu kama sisi? (Mama wa Majengo)

Mama, pole kwa safari hizo mbili. Hesabu anayoifanya binti yako inahusu hasa kile kilichowakimbiza. Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye mwinuko uleule juu ya usawa wa bahari. Mistari ikikaribiana mteremko ni mkali, ikiachana ardhi imelala. Lava, kama maji, hufuata njia yenye mteremko mkali kuliko zote, yaani huikata mistari ya kontua kwa pembe mraba. Anayejua kuisoma ramani hiyo anaweza kuchora kwa penseli mabonde ambamo moto ungepita, na vilima ambavyo ungevizunguka.

Tuchukue mlima wetu wenyewe. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470, na uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460. Tofauti ni mita 2,010, na umbali ulionyooka ni takriban kilomita 20, yaani mita 20,000. Ukigawanya, unapata kwamba ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 10 hivi. Huo, hata hivyo, ni wastani tu, nao huficha mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba juu karibu na kilele mlima ni mkali sana, na huku chini mjini ardhi imelala. Lava ya mwaka 1977, ambayo ni nyepesi mno kutiririka kwa kuwa ina kidogo silika (madini yanayoifanya lava iwe nzito), inakadiriwa kuwa ilifikia kasi ya kilomita 60 kwa saa kwenye miteremko ya juu, kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuishinda kwa miguu. La pili ndilo wanafunzi wengi hulisahau: tarehe 17 Januari 2002 lava haikufurika kutoka kileleni. Ardhi ilipasuka kwenye ubavu wa kusini, moto ukatokea chini zaidi na karibu zaidi na watu, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani. Kwa hiyo binti yako akiulizwa kuhusu hatari ya volkano, asiweke rula kwenye kilele peke yake, bali aanzie pia kwenye nyufa za ubavuni.

Huku Bukavu mvua ikinyesha mitaro hufurika na udongo huporomoka. Nilikaa Goma mwaka mzima na sikuona hata kijito kimoja. Je, Goma hupata mvua kidogo? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Hapana, ndugu yangu. Goma hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kwa mvua ya namna hiyo mito ingepaswa kuwapo. Kinachozuia ni mwamba. Mji umejengwa juu ya lava changa, iliyojaa nyufa na matundu yaliyoachwa na gesi, na mvua inapoiangukia huzama papo hapo, ikasafiri chini ya ardhi hadi ziwani. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika juu na kujichimbia mfereji. Ndiyo sababu katika mji wenye mvua nyingi bado unawaona vijana wakipandisha bidoni za maji ya ziwa kwa baiskeli na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili). Kwenu Bukavu miamba ni mizee zaidi, imeoza na kuwa udongo mzito wa mfinyanzi unaopitisha maji polepole, na mji umekaa juu ya miteremko mikali. Maji hukimbia juu, na udongo ukilowa sana huteleza pamoja na nyumba.

Ninaongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu Bukavu ndiyo mlango wake. Zamani za kale maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliziba bonde la ufa kama ukuta, ziwa likajaa nyuma yake, hata likapata njia ya kutokea kusini. Njia hiyo ni mto Ruzizi unaoanzia kwenu, ambao hushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika; kutoka huko maji hupita mto Lukuga, huingia mto Lualaba, na mwisho humwagika katika bahari ya Atlantiki.

Kitabu kinasema watu huepuka kuishi karibu na volkano. Mbona Goma inazidi kukua? (Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Himbi)

Tofautisha mahali pa mji (ardhi uliyojengwa juu yake) na nafasi ya mji (uhusiano wake na sehemu zinazouzunguka). Mahali pa Goma ni pa hatari, lakini nafasi yake ni nzuri mno: mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda, uko mlangoni, boti huenda Bukavu, barabara za Rutshuru na Masisi hukutana hapa. Kisha yaongeze maelfu ya watu waliosukumwa na vita kutoka vijijini, ambao hawakuchagua kati ya volkano na usalama, bali walichagua kati ya hatari mbili. Ukiandika hivyo katika mtihani, umejibu swali.

Tuliambiwa kwamba saa sita mchana jua huwa kusini, na kwa hiyo kivuli huelekeza kaskazini. Mwezi wa Juni tulijaribu uwanjani, kivuli kikaelekea kusini. Tulikosea wapi? (Wanafunzi watatu wa Keshero)

Hamkukosea. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, zilizo mbali kaskazini mwa ikweta. Goma iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nyuzi 2, na jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na katika siku za mwisho za Septemba. Kati ya Machi na Septemba jua la saa sita liko kaskazini, na miezi mingine liko kusini. Lubumbashi, ambayo iko karibu na nyuzi 12 kusini, jua la saa sita huwa kaskazini kwa muda mrefu zaidi wa mwaka.

Tumieni njia isiyotegemea majira. Simikeni fimbo wima asubuhi kama saa tatu, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba iliyofungwa kwenye fimbo chora duara linalopita kwenye jiwe hilo. Alasiri, kivuli kitakapoligusa duara tena, wekeni jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza hadi la pili unatoka magharibi kwenda mashariki. Ukisimama ukitazama mashariki, kaskazini iko mkono wako wa kushoto, na siku yenye anga safi utaiona Nyiragongo upande huohuo.