Virusi wa kuua kuvu kwenye sahani za bakteria: usipoteze muda

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumwagia virusi kwenye sahani zako za maabara za kuoteshea bakteria ili kuvu ife, kama faji (virusi wanaoshambulia bakteria) zinavyoua bakteria. Kwa kifupi, haitafanya kazi. Faji hazigusi kuvu kabisa. Virusi wa kuvu wapo, lakini wengi hawana hatua ya kuishi nje ya seli: huhama hifa (nyuzinyuzi za kuvu) zinapoungana, au ndani ya spora (chembe za uzazi za kuvu). Na hifa huungana vizuri tu pale aina mbili zinapopatana kijenetiki. Ndiyo maana virusi vya kuvu viitwavyo CHV1 vilisaidia Ulaya dhidi ya ugonjwa wa kuvu wa magome ya miti ya michestnati, ila Marekani, yenye makundi mengi ya kuvu hiyo yasiyopatana, vikakwama. Isitoshe, wengi wa virusi hawa hawaidhuru kuvu hata kidogo.

Fanya hivi. Sahani yenye kuvu usiifunue. Kila ukifunua unarusha spora. Ifunge, ipike kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 30 au zaidi kwa taka. Kama bakteria hao hawana mbadala, chota koloni (kundi la bakteria) iliyo mbali na kuvu, uichore upya kwenye agari (jeli ya kuoteshea) yenye nistatini, dawa ya kuua kuvu, uniti 50 hadi 100 kwa mililita. Agari ipoe hadi nyuzi 50 hivi kwanza, ndipo utie nistatini.

Inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ifute kwa jiki iliyochanganywa 1 kwa 10 siku hiyohiyo, iache dakika 10, kisha suuza, maana hula chuma. Spiriti ya asilimia 70 peke yake huenda isiue spora zote.