Kiambatisho kisichopita kwenye diski

Skripti yangu ya ripoti (programu fupi inayojiendesha) ilikuwa na mzunguko wa ajabu: inaandika faili la muda, inalifungua tena lilelile, inaliambatisha kwenye baruapepe, kisha inalifuta. Siku moja ilichelewa kumaliza, ratiba ikaanzisha nyingine, zote mbili zikaandika faili moja. Mpokeaji akapata ripoti nusu ya jana, nusu ya leo. Nikaachana na faili la muda.

Baruapepe haijali kama una faili au huna. Kiambatisho ni kipande tu cha ujumbe, chenye aina yake na jina lake. Maandishi yakishakuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), yape jina uyatume. Kwenye lugha ya programu ya Python unaunda EmailMessage, yaani ujumbe wenyewe, unaweka maneno ya ujumbe kwa set_content, halafu:

ujumbe.add_attachment(maandishi, subtype="csv", filename="ripoti.csv")

Usipindue mpangilio huo. Ukishaambatisha, set_content itakugomea kwa kosa. Kosa la namna hiyo nalipenda, maana angalau linapiga kelele.

Lililonitesa lilikuwa kimya. Nilijaza ripoti kwenye StringIO (kitu kama faili, ila kinakaa kwenye kumbukumbu) kwa csv.writer, inayoandika jedwali la CSV, nikaisoma kwa read(), ikaenda. Kiambatisho kikafika kikiwa na jina zuri na ndani hamna kitu! Sababu ni kwamba baada ya kuandika, kielekezi, yaani alama ya mahali ulipofikia, kinabaki mwisho wa maandishi, na read() husoma kuanzia pale kilipo. Tumia getvalue(), au rudi mwanzo kwa seek(0). Wanaotumia MemoryStream, kitu cha namna hiyo kwenye PowerShell (lugha ya skripti ya Microsoft), wana mtego huohuo. Wao hurudisha Position kuwa 0. Siku hizi skripti yangu inakataa kutuma kama maandishi ni matupu.

Kuna na suala la Excel. Majina yenye herufi kama é yanaweza kufunguka yakiwa vurugu, hata kama ulichotuma ni UTF-8 safi (mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi). Dawa yangu ni maandishi.encode("utf-8-sig"), inayotia alama ndogo mwanzoni ili Excel itambue. Ila hapo unakabidhi baiti (data ghafi), si maandishi, kwa hiyo ongeza maintype="text" kwenye add_attachment, la sivyo inakataa.

Ukubwa nao uuangalie. Kiambatisho kikisimbwa kwa base64 (njia ya kugeuza baiti kuwa herufi za kawaida ili zisafiri kwa baruapepe) huongezeka kwa takriban theluthi: megabaiti 15 zinakuwa kama 20 njiani, na seva nyingi zina kikomo. Ripoti ikifika huko, mimi huibana kwa zip, humohumo kwenye kumbukumbu, kwa BytesIO, ndugu ya StringIO inayoshika baiti.