Ruga-ruga wa Mirambo: askari au wahuni?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na kaka'angu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema Mirambo alijenga himaya yake kwa akili za utemi tu, ruga-ruga walikuwa wahuni wa kuvamia misafara basi. Mi nasema bila ruga-ruga hakuna Mirambo. Nani yuko sawa?

JIBU: We ndo uko karibu zaidi, ila kaka'ako naye usimtupe, maana uhuni ulikuwepo kweli. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya 19, alianza na utemi mdogo tu wa Uyowa, na Unyamwezi yote ilikuwa imejaa watemi wa namna hiyo, kila mtu na eneo lake, na wanaume unaowaita vitani ndo haohao wanaolima, mvua ikinyesha wanakukimbia warudi shamba, sasa himaya utaijenga na nani? Ruga-ruga walikuwa kitu kingine. Vijana wasio na mke wala jembe, wengine mateka, wengine watumwa waliotoroka, hawana ukoo wa kuwavuta nyumbani, wanamfuata aliyewapa gobori na nguo.

Mirambo mwenyewe alimwambia Stanley, yule msafiri mvumbuzi wa kizungu, mwaka 1876 kwamba vitani anawapenda vijana, mtu mzima anawaza mke na watoto. (Stanley alitegemea kukuta jambazi, akakuta mtu mpole anaongea taratibu, na wakachanjiana udugu palepale.)

Ukitaka kuwaona kazini nenda 1871. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walitoka kwenda kumpiga Mirambo, Stanley huyohuyo akiwa upande wao, wakateka ngome yake moja bila jasho jingi na hapo ndo wakajisahau, wakaanza kurudi wamejitwika pembe za ndovu na ngawira nyingine, kumbe ruga-ruga wamelala kwenye majani marefu kando ya njia. Waliinuka kwa pamoja. Haikupita hata mwezi wakaingia Tabora yenyewe, wakachoma sehemu ya mji, na njia ya Ujiji ikafungwa kabisa, Stanley ikabidi azungukie kusini ndo amfikie Livingstone, mmisionari aliyekuwa anamtafuta kule Ujiji. Sultani Barghash akatuma askari toka Unguja, Mirambo hakung'oka.

Sasa hapa ndo kaka'ako anapata pointi yake. Hawa vijana hawakuwa na mshahara, malipo yao ni mgao wa ngawira, kwa hiyo kila mwaka lazima ipatikane vita, na utiifu wao ulikuwa kwa Mirambo mwenyewe, siyo kwa kiti. Alipofariki Desemba 1884 ndugu yake Mpandashalo akarithi kiti, ila kuwashika wale vijana kukamshinda, na himaya ikameguka ndani ya miaka michache tu. Jina lao lenyewe halikufa, vita ya 1914 ilipofika Wajerumani bado walikuwa na wapiganaji wa kienyeji wa kuwasaidia na waliwaita hivyohivyo, ruga-ruga.