Kwa maafisa utumishi wapya wa halmashauri

Wengi wenu mmepangiwa halmashauri za pembezoni, na kilio mtakachokikuta ni kimoja: watumishi hawakai. Mwalimu anaripoti Julai, Januari ana barua ya kuomba uhamisho. Mtaambiwa sababu ni mazingira magumu. Ni kweli barabara na nyumba vina nafasi yake, lakini nimeona watu wakivumilia zahanati isiyo na umeme, kisha hao hao wakashindwa kuvumilia ofisi isiyojibu barua. Hilo la pili liko mikononi mwenu.

Kuajiri kwenyewe kumewapita kidogo. Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa, na vibali vya ajira vinaidhinishwa juu, usaili wa kada nyingi unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira, nanyi mnaletewa majina. Kazi yenu inaanza mtu anaposhuka kwenye basi na begi lake. Mara nyingi hana ndugu pale wala akiba, na taarifa zake zisipoingizwa kabla malipo ya mwezi hayajafungwa, mshahara unasogea hadi mwezi unaofuata. Kwa hiyo kagueni vyeti vyake siku hiyo hiyo. Majina yalingane herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA. Ripoti ya uhakiki ya Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ofisi ikishapita kwenye uhakiki wa namna ile ndipo inajua thamani ya jalada lililokamilika tangu mwanzo. Fedha ya kujikimu kama haipo, mwambieni ukweli, mliandike deni lake na apewe nakala.

Kisha kuna miezi 12 ya majaribio, na hapa ndipo tunapowapoteza wengi bila kujua. Namkumbuka muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini, mchapakazi hasa. Wenzake aliosoma nao walishapanda daraja, yeye kila akija makao makuu kwa nauli yake anaambiwa arudi wiki ijayo. Jalada lilipofunguliwa, fomu ya kumthibitisha kazini ilikuwemo, imejazwa na mganga mfawidhi, imesainiwa, imebanwa nyuma ya ombi la likizo. Hakuna aliyeifikisha kwa mamlaka ya ajira. Barua ya kuthibitishwa ilipotoka, tayari alishapata halmashauri nyingine.

Wekeni orodha ya tarehe za kuthibitishwa kwa kila aliyeripoti, na muifungue kila mwanzo wa mwezi. Tange, yaani orodha ya watumishi kwa vyeo na ukubwa kazini, nayo ihuishwe kabla ya bajeti ya ikama, kwa sababu aliyesahaulika kwenye bajeti hapandi mwaka huo hata awe hodari namna gani. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote.

Kuhusu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, msikubali mtu mmoja mwenye bando amjazie kituo kizima. OPRAS, mfumo wa tathmini uliotangulia, iliyoanza 2004, iliishia kuwa fomu za kujazwa harakaharaka Juni, na mfumo mpya utafika huko huko kama wakuu wa vituo hawatakaa na watu wao kupanga malengo.

Mambo ya nidhamu yana kanuni zake, zifuateni hatua kwa hatua: hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea, kamati ya uchunguzi. Mkuu wa idara mwenye hasira atawataka mruke hatua. Kataeni kwa heshima. Rufaa ikifika Tume ya Utumishi wa Umma, utaratibu uliokiukwa unatosha kuuangusha uamuzi, hata kama kosa lilikuwepo kweli.

Na anayeomba kuhama, mjibuni kwa maandishi na mapema, hata kama jibu lenyewe ni kwamba mbadala wake hajapatikana. Mkuu wake wa kituo apewe nakala, ili mwalimu yule asiwe anafundisha huku kila Ijumaa anapanda bodaboda kuja kuulizia.