Adhabu Ikizidi, Tafuteni Kosa la Jaji Kabla ya Kutafuta Barua za Wachungaji

Juma lililopita mama mmoja wa Melbourne aliniandikia kwamba mwanawe amefungwa miaka mitatu, kwamba ukoo mzima unaona adhabu hiyo ni kubwa mno, na kwamba wameanza kukusanya barua za wachungaji ili wakate rufaa. Nilipofika kwenye neno barua niliiweka simu chini, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe.

Mdogo wangu alipohukumiwa kifungo cha miezi 14 kwa kumjeruhi mtu, hapa hapa Victoria, jimbo la Australia lenye mji wa Melbourne, nilipoteza siku 19 nikizunguka kwa wachungaji na wazee wa jumuiya kuomba barua za kumsifu, ilhali muda wa kuwasilisha maombi ya rufaa ni siku 28 tu tangu adhabu itolewe. Wakili wetu wa kwanza, ambaye hadi leo sipendi kupishana naye njiani, hakututajia muda huo hata mara moja. Mahakama inaweza kuuongeza, lakini ni lazima ueleze kwa nini umechelewa, nami nisingethubutu kumwambia jaji kwamba nilikuwa kwa mchungaji.

Wakili wa pili, tuliyemlipa kwa mchango wa ndugu, alinieleza jambo ambalo lilinichoma: Mahakama ya Rufaa haipunguzi adhabu kwa sababu tu majaji wake wangetoa ndogo zaidi. Tangu kesi ya mtu aliyeitwa House, iliyoamuliwa mwaka 1936 na mahakama ya juu kabisa ya Australia, mkata rufaa hutakiwa kuonyesha kwamba jaji alifuata kanuni isiyo sahihi, au aliongozwa na jambo lisilohusika, au alikosea kuhusu ukweli wa mambo, au aliacha kuzingatia jambo la msingi. Na kama hakuna kosa linaloonekana, basi aonyeshe kwamba adhabu yenyewe imepita kiasi waziwazi, hata isiwezekane kuwa imetolewa pasipo kosa. Njia hiyo ya mwisho ndiyo kila familia huikimbilia, nayo ni ngumu kweli kweli.

Nikaomba maelezo ya jaji ya siku ya adhabu, nikayasoma usiku tatu mfululizo nikiwa na kamusi mezani. Usiku wa tatu nikaona pale aliposema kwamba mdogo wangu alitenda kosa akiwa bado anatumikia amri ya kifungo cha nje, wakati amri hiyo ilikuwa imekwisha wiki tano kabla. Niliyeona ni mimi, si wakili, na sioni haya kulisema.

Adhabu ilipopangwa upya ikawa miezi 10. Kwa mzaliwa wa hapa tofauti hiyo ni miezi minne. Kwa mkimbizi asiye raia ni maisha yake, kwa maana sheria ya uhamiaji inataka viza ya aliye gerezani kwa kifungo cha miezi 12 au zaidi ifutwe. Wazazi mnaoahirisha fomu za uraia za watoto wenu kila mwaka mkisema mtazijaza Krismasi ikipita, nawasihi mzijaze leo. Nanyi mliotuambia tumwache aozee ndani, nawasalimu.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba majaji wa rufaa, wakishakubali kwamba kosa lipo, wanaweza kutoa hata adhabu kali zaidi, ingawa wakiwazia hivyo sheria ya Victoria inawataka wamwonye mkata rufaa mapema. Kwa hiyo msikate rufaa kwa hasira.

Yule mama nilimjibu kwa swali moja tu: adhabu ilitolewa tarehe ngapi? Zimepita siku 23. Kesho saa tatu asubuhi anakutana na wakili, na barua nimemwomba aziache nyumbani.