Mnaoanza kusoma EEG za ICU, ulizeni dawa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kusoma EEG, yaani michoro ya umeme wa ubongo, za wagonjwa mahututi wa ICU huku Moshi, karibuni sana. Kabla hujamwangalia mtu ubongo wake kwenye skrini, fungua faili ujue yuko kwenye dawa gani na alipewa saa ngapi, maana mchoro mmoja unaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa.

Chukua basti sapresheni, ile ubongo unafoka kidogo afu unanyamaza, unafoka tena unanyamaza, na kimya kinachukua nusu ya rekodi au zaidi. Kwa mgonjwa ambaye moyo ulisimama, siku zimepita na dawa za usingizi zimeshaisha mwilini, hiyo ni ishara mbaya sana, hasa kama kila mfoko unafanana na uliopita. Ila mchoro huohuo kwa aliyewekewa dawa ya usingizi kama propofo au thayopento ni dawa tu inafanya kazi, ikipunguzwa mawimbi yanarudi. Sasa ukiandika kwenye ripoti "hali mbaya" bila kutaja dawa unaweza kumkatisha mtu tamaa bure, na mimi hilo linaniuma kweli.

Kwenye majina ya mawimbi fuateni ya ACNS, chama cha wataalamu wa EEG cha Marekani, yale ya 2012 yaliyoboreshwa 2021: sema mawimbi yako wapi kwanza, afu ni ya aina gani, basi. Zamani mtu akiona wimbi la awamu tatu moja kwa moja anasema tatizo ni ini, kumbe inaweza kuwa figo, dawa, hata degedege lisiloonekana kwa macho. LPD, zile chomo zinazojirudia kwa vipindi upande mmoja wa ubongo, zichukulie siriasi hata zikipiga polepole, degedege liko karibu. GPD, chomo kama hizo ila za pande zote mbili, zikifika mara 1.5 kwa sekunde kwenda juu ndo hatari ya degedege inapanda. GRDA, yale mawimbi ya polepole yenye mdundo pande zote mbili, haina uhusiano huo, usimjaze mtu dawa za kifafa kwa ajili yake.

Afu jamani mguseni mgonjwa! Mwite jina kwa sauti, kama nyumbani wanaongea Kichaga mwambie ndugu amwite kwa Kichaga, piga makofi, bana ukucha, na weka alama ya saa kwenye rekodi. Mawimbi yakibadilika ni dalili nzuri. Yasipobadilika angalia dawa tena.

Na yale maji kwenye mpira wa mashine ya kupumulia yamwagwe kwanza, yakitikisika yanachora mdundo unaofanana kabisa na wa ubongo.

Ndugu wakikusimamisha koridoni kuuliza atapona, jibu lisitoke kwenye EEG peke yake, subirini mboni za macho zinavyoitika mwanga, picha ya CT ya kichwa na, kama moyo ulisimama, uchunguzi wa baada ya saa 72.